Tairi la Mbele Kushoto

2 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lori la mafuta linaloleta barua kambini kwenu kwenye ujenzi wa barabara halijaharibika tena. Ukilitengeneza wewe najua halitaharibika, ila dereva wake ulisema ana mguu mzito.

Sisi hatujambo. Mama mdogo amehamia kwetu. Analala chumbani kwangu na anakoroma, lakini ukimwambia anasema anayekoroma ni mimi. Mama anakusalimu sana. Cherehani ameifunika kwa sasa kwa sababu anapumzika. Amesema nikuandikie habari za shule na za gari tu, nisikuchoshe na mengine.

Shuleni nimekuwa wa pili katika hisabati. Wa kwanza ni binti wa mwalimu mkuu, lakini yeye hajui kupiga jeki.

Sasa gari. Jumamosi nimeyasoma matairi kama ulivyonifundisha. Mawili ya nyuma yanaisha sawasawa. La mbele kulia limeanza kulika kidogo ukingo wa ndani. La mbele kushoto ndilo linalonitia wasiwasi: upande wa nje meno yake bado marefu, lakini ukingo wa ndani umekuwa laini kama kipara. Usingeona ukisimama tu, mpaka uiname. Nilipitisha kiganja. Kikitoka ndani kwenda nje kinateleza, kikirudi ndani kinakwaruza. Halafu gari likiwa njiani linavuta kushoto, na usukani umekaa upande hata tukienda moja kwa moja.

Tairi hili ulilifunga jipya kabla hujaondoka. Je, nimekosea kulisoma?

Mwanao,
Fundi Mdogo


15 Machi

Fundi Mdogo,

Marahaba. Barua nimeipata nikiwa chini ya tingatinga, nikaisomea hukohuko, ndiyo maana hii yangu ina alama za vidole. Mimi mzima. Chakula cha hapa kingetufaa zaidi kuziba mashimo ya barabara, lakini tunakila.

Hukukosea. Ila kusoma tairi ni nusu ya kazi. Tairi linakuambia kuna kitu, halikuambii ni kitu gani. Gari lenye umri kama letu haliumwi sehemu moja, kwa hiyo usikimbilie kusema ni alaimenti, magurudumu yanyooshwe tu. Mafundi wengi wanarekebisha alaimenti kwenye gari lenye boljointi, kile kifundo cha gurudumu, iliyokufa, na baada ya mwezi mteja anarudi analia.

Anza na upepo, asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Tairi lenye upepo mdogo linavuta gari upande wake. Upepo ukiwa sawa, badilisha matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto. Gari likianza kuvuta kulia, ugonjwa uko kwenye tairi. Likiendelea kuvuta kushoto, ugonjwa uko kwenye gari. Kisha piga jeki, weka na kigogo chini, sitaki kusikia habari za jeki kuteleza. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, angalia beringi na boljointi. Halafu lishike kushoto na kulia. Likicheza hapo, ni zile ncha za fimbo za usukani. Mwisho pima kwa chaki na futi. Weka alama katikati ya kila tairi la mbele, pima umbali kati ya alama zikiwa mbele, sukumeni gari mpaka alama zihamie nyuma, upime tena.

Ukuta wa tairi nao uutazame, ule ubavu. Uniandikie.

Mwambie mama nimemmisi, na akimaliza kupumzika anishonee suruali ya kazi, hii imebaki mifuko. Ni yeye anayeendesha, au?

Baba yako


6 Aprili

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa na oili mpaka kwenye stempu, na tumefurahi wote. Mama alinitaka nimsomee mara mbili ile habari ya suruali. Anakusalimu, anasema mifuko ndiyo sehemu ngumu ya kushona, kwa hiyo ukibaki nayo umebaki na faida.

Anayeendesha kwa sasa ni mama mdogo.

Kazi tuliifanya yeye na mimi uani. Alivaa kanga yake ya zamani akasema, "Haya, daktari, nesi yuko tayari." Nilipomwambia ashike gurudumu juu na chini alilikumbatia kama anacheza nalo muziki. Mama alikuwa dirishani anatutazama. Alicheka mpaka akashika ubavu, akarudi kulala.

Majibu ni haya. Upepo ulikuwa sawa. Tulipobadilisha matairi gari liliendelea kuvuta kushoto, kwa hiyo tairi halina kosa. Juu na chini gurudumu halichezi. Kushoto na kulia, lile la kushoto linacheza, na ukisikiliza linagonga kidogo, tk, tk. Kwa chaki na futi, mbele ni pana kuliko nyuma. Magurudumu yamefungua miguu.

Ukuta wa tairi lililokuwa kushoto umechubuka. Michubuko ni mingi, mingine mipya juu ya ya zamani, yote upande wa nje, na ndani ya mikwaruzo kuna unga wa kijivu. Niliusugua ukatoka kidoleni. Ringi nayo imekunjika kidogo ukingoni.

Baba, mkataba wako hauna likizo katikati? Hata ya siku chache tu. Nauliza tu.

Mwanao,
Fundi Mdogo


21 Aprili

Fundi Mdogo,

Marahaba. Kazi yako ni safi. Kuna watu hapa wana vyeti ukutani na hawawezi kuandika ripoti kama ile.

Ugonjwa ni huu. Ncha ya fimbo ya usukani upande wa kushoto imelegea kwa kugongwa pole pole, mara nyingi, mahali palepale. Ikilegea, gurudumu linafungua mguu, na tairi linajiburuta badala ya kuviringika. Ndiyo maana linalika ndani. Nunueni ncha mpya, fundi wa jirani aifunge, kisha ndipo alaimenti. Siyo kinyume chake.

Sasa kuna jambo lingine. Unga wa kijivu ni saruji. Mtaani kwetu hakuna barabara yenye ukingo wa saruji, wala sokoni, wala shuleni kwako. Kingo za namna hiyo ziko mji mkubwa tu. Na tairi jipya haliliki kiasi hicho kwa kwenda sokoni na kurudi. Gari linakwenda mji mkubwa. Linakwenda mara nyingi, na linaegeshwa kwa kubanwa upande wa kushoto, kama mtu mwenye mahali pake pa siku zote.

Huko mjini kuna nini?

Likizo haipo. Anayeondoka kabla barabara haijakabidhiwa anaondoka mikono mitupu, na wewe mwakani unaingia shule ya bweni.

Nisalimie mama mdogo.

Baba yako


4 Mei

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui na baridi ya huko. Hapa mvua imeanza. Paa la jikoni linavuja pale pale, na tumeweka sufuria pale pale.

Barua yako niliisoma kwa sauti kama kawaida. Mama alikuwa ameegemea mito. Ilipofika mwisho niliona hujamsalimu, labda karatasi iliisha. Nikaongeza salamu mwenyewe. Naomba usikasirike, ni salamu tu.

Ncha ya usukani tumeinunua na fundi wa jirani ameifunga. Gari limetulia, halivuti tena. Niliona fahari sana kumwonyesha fundi ugonjwa ulipo, naye akasema, "Huyu mtoto amemeza gereji."

Kuhusu mji mkubwa, hilo naomba umuulize mama mwenyewe. Mwandikie yeye, barua yake peke yake. Nakuomba sana, Baba. Mwandikie haraka, na umwandikie vizuri.

Mtihani wa muhula ni wiki ijayo. Nasoma kando ya kitanda cha mama, kuna mwanga mzuri pale.

Mwanao,
Fundi Mdogo


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama.

Swali nililiuliza kwa lugha nyepesi, na nyumba nzima imeshindwa kulijibu. Mtoto anamrushia mama, mama yuko kimya. Cherehani imefunikwa, kazi hakuna, lakini mafuta ya kwenda mjini yanapatikana. Mimi siyo mtoto. Najua nani ana duka la vitambaa huko mjini, na najua kabla sijaoa alikuwa anakuja nyumbani kwa nani. Haya siyo mambo ya kukuandikia wewe, lakini wewe ndiye pekee unayenijibu.

Gari ni langu. Kuanzia siku mtakapopata barua hii lisitembee tena. Lipandisheni juu ya matofali, matairi yote manne yatolewe, yawekwe stoo mpaka nitakaporudi. Waambie wote wawili nimesema hivyo.

Soma kwa bidii.

Baba yako


31 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Tumefanya ulivyoagiza. Barua ilipofika nilitaka kuificha, lakini mama alininyooshea mkono. Mama mdogo alipopata habari alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

"Matofali? Huyu shemeji ana akili timamu? Nitamwandikia mimi, leo hii, na nitamwandikia kwa herufi kubwa!"

"Hutamwandikia," mama akasema.

"Na Jumatano tutakwenda na nini? Utabebwa na nini?"

"Tutakwenda na basi."

"Basi! Wewe wa kukaa kwenye basi!"

"Mimi dada yako nimesema. Gari ni la kwake. Litoeni matairi, mtoto anajua kupiga jeki."

Kwa hiyo nilipiga jeki, Baba. Nililegeza nati kwanza gari likiwa bado chini, kama ulivyonifundisha. Mama mdogo alipanga matofali huku analia, na kila tofali alilitukana.

Mama amenikataza kukuandikia habari zake, nami nimeahidi. Sijawahi kuvunja ahadi yangu kwake. Lakini gari hakunikataza, na wewe uliisifu ripoti yangu. Ile ya Aprili haikuwa kamili. Niliandika ya nje tu. Hii ni ya ndani.

Kiti cha mbele kushoto kimelazwa mpaka mwisho, na springi za kukilaza zimelegea kwa sababu hakijainuliwa tangu Februari. Juu yake kuna godoro la kitanda changu cha utotoni, lilikatwa lipate kuenea. Kuna mto. Mkanda wa kiti umefungwa fundo pembeni, haufungwi kifuani kwa sababu pale unaumiza. Chini kuna beseni lenye kifuniko na taulo mbili. Kwenye kinga ya jua, juu ya kioo cha mbele, kuna kadi ya hospitali kubwa ya mjini, ina mihuri ya kila Jumatano. Nywele nyingi zimeshikwa kwenye kitambaa cha kiti. Niliziokota nilizoweza.

Kwenye mlango wa hospitali hiyo kuna ukingo wa saruji, mrefu kuliko wa barabarani. Siyo kwamba mama mdogo hajui kuegesha, Baba. Anaubana ukingo makusudi, tairi likilia, mpaka mlango wa kushoto ufungukie juu ya sakafu ya baraza. Hapo abiria hashuki wala hapandi ngazi. Anavuka tu. Ukiegesha mbali kwa hatua tano, hatua hizo hazitembeki.

Hiyo ndiyo ripoti. Naomba uisome kama unavyosoma tairi.

Mwanao,
Fundi Mdogo


18 Juni

Baba,

Mama amefariki jana asubuhi. Alikuwa amelala, mama mdogo alikuwa amemshika mkono, mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji.

Wanasema mvua imekata njia ya kambini na lori la mafuta limekwama upande wa huku. Sijui kama ripoti yangu imekufika. Nampa dereva na hii.

Kwa basi alikwenda mara moja tu. Baadaye jirani alituazima gari lake. Daktari alisema hata tungekwenda kila siku isingebadilisha kitu. Nimeandika alivyosema.

Njoo.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Nimefika salama kambini. Nakuandikia yale niliyoshindwa kusema siku zote nilizokaa hapo nyumbani. Uliniona. Nilikuwa nazunguka uani na spana kama mtu aliyetumwa. Niliyarudisha matairi, nikapima, nikapima tena, na gari lilikuwa limenyooka tangu mara ya kwanza. Nilikuwa naogopa kuingia chumbani.

Barua zako mbili nilipewa kwa pamoja siku njia ilipofunguka. Niliichagua iliyotangulia. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye mkanda uliofungwa fundo niliketi chini. Nilipofika kwenye ukingo wa saruji nilinawa mikono, nikamfuata msimamizi, nikamwambia naondoka, mkataba akae nao. Nilipanda lori. Ile barua ya pili niliitia mfukoni nikidhani ni ya habari za shule, nikaona niiweke ya kusomea njiani.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimtungia mama yako maneno mazuri, mwanangu, ambayo sikuwahi kumwambia hata tulipokuwa wachumba. Nilipanga nitaingia na kusema nini, na yeye atanijibu nini, maana namjua, angenitania kwanza. Nilicheka peke yangu, dereva akanitazama. Tulipokaribia mji ndipo nikakumbuka barua.

Msimamizi amenirudisha kazini kwa huruma. Barabara itakabidhiwa mwisho wa mwezi. Wengine watarudi makwao. Mimi nimeombwa niende kwenye barabara nyingine, mbali zaidi, na nimekubali kwa mdomo. Shule yako nitailipia kutoka huko. Kwenye nyumba ile sina uso wa kukaa.

Nina swali moja. Usinionee huruma katika kujibu. Mama yako alijua? Alijua kwa nini niliagiza matofali?

Baba yako


11 Agosti

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama mdogo anakusalimu. Amesema niandike kwamba hajakusamehe lakini anakusalimu, na kwamba maneno yote mawili ni ya kweli.

Barua yako nimeisoma chini ya dawati shuleni, mwalimu akaniona, akageukia ubao.

Umesema nisikuonee huruma. Alijua.

Alijua tangu ile barua ya Aprili. Nilipomaliza kumsomea alisema, "Hizo salamu za mwisho ni zako. Baba yako hajui kuandika 'kipenzi'." Akaichukua barua, akaisoma mwenyewe, akaikunja. Ile ya Mei aliisoma kabla yangu. Nilimwambia, "Mama, anadhani jambo baya. Niache nimwambie ukweli." Nililia, nikapiga magoti. Hakukasirika. Alinifuta uso kwa kona ya shuka.

Haya ndiyo maneno yake, nimeyaandika kama nilivyoyasikia:

"Mwache akasirike. Baba yako yuko chini ya mashine kubwa kutwa nzima. Fundi mwenye hasira anakaza nati zote, tena anazikaza kupita kiasi. Mwenye huzuni anasahau moja. Mimi siwezi kupona, na sitaki tufe wawili. Tena akija sasa, wewe shule utakwenda na nini? Acha anikasirikie mpaka barabara iishe. Akija nitamweleza mwenyewe, na atanilipa ushonaji wa suruali ya kazi kwanza."

Alidhani atakuwepo, Baba. Alihesabu vibaya hapo tu.

Nilimuuliza kama haimuumi kudhaniwa hivyo. Akasema, "Inauma. Niletee maji."

Sikukuambia ulipokuwa hapa kwa sababu kila nilipokuja uani ulikuwa umelala chini ya gari, na nilikumbuka mama alivyosema kuhusu nati. Nilisubiri utoke. Ukatoka siku ya kuondoka.

Sasa umenijulisha unataka kwenda kwenye barabara nyingine. Mimi ni mtoto na sina haki ya kukukatalia. Lakini nimefikiri vizuri kabla ya kuandika. Bweni siendi mwakani. Nimezungumza na mwalimu mkuu, kuna nafasi ya kutwa, na mama mdogo amekubali kuifunua cherehani na kujifunza, ingawa pindo la kwanza alilishona pamoja na mkono wa gauni lake mwenyewe. Fundi wa jirani anasema banda lake lina nafasi ya mtu wa pili.

Mama alikuchagulia hasira kwa sababu ulikuwa mbali na hapakuwa na mtu wa kukushika mkono. Kwa kazi hiyo hasira ilitosha. Barabara inaisha sasa. Huku hakuna mashine juu yako, na nati ukisahau nipo nyuma yako nazihesabu.

Chumba chake tumekifagia, hatukugusa kingine. Njoo ulie nyumbani, Baba.

Mwanao